Gari Linapochemka: Historia Iliyo Chini ya Boneti

Leo tutaziacha tarakilishi kidogo tufungue boneti. Najua wapo watakaouliza mambo ya rejeta yanaingiaje katika ukurasa wa mambo ya programu. Subirini, yataingia.

Kila mwandishi wa programu aliyewahi kurithi kazi ya watu wengine anajua jambo hili: ukikuta mstari wa ajabu usioelewa kazi yake, usiukimbilie kuufuta. Tafuta kwanza uliwekwa lini na kwa nini. Mara nyingi uliwekwa kuziba tatizo fulani la zamani, na siku utakapoufuta, tatizo lile linafufuka. Mfumo wa kupoza injini ndivyo ulivyo. Hakuna mtu aliyekaa siku moja akauchora wote. Ulikusanyika kiraka juu ya kiraka kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kiraka kilitatua shida moja kisha kikaleta namna yake mpya ya kuharibika. Kwa hiyo gari kuukuu likichemka, swali la "nini kimeharibika?" ni kubwa mno. Swali linalojibika ni "kiraka kipi kimeachia?"

Pita barabara inayopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru Jumapili jioni, wakati watu wanarudi Nairobi. Utaikuta Corolla ya miaka ya tisini au pikapu ya Peugeot 504 kando ya barabara, boneti juu, mwenyewe kasimama na chupa ya maji mkononi. Atakayesimama kumsaidia atampa ushauri uleule unaotolewa Kenya nzima: toa thamostati. Ushauri huo nitaurudia baadaye kwa sababu nina ugomvi nao.

Kwanza tujue tunapambana na nini. Vitabu vya ufundi hukadiria kwamba katika injini ya petroli ya zamani, theluthi moja ya nishati ya mafuta au pungufu ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hivi hutokea kwenye ekzosi. Iliyobaki huingia katika vyuma vya injini yenyewe, na hiyo ndiyo lazima mtu aiondoe. Isipoondolewa vyuma hupanuka, oili hushindwa kulainisha, na mwisho pistoni hukwama ndani ya silinda.

Karl Benz, aliyepata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, alilitatua jambo hili kwa akili ya jikoni. Aliizungushia silinda maji na kuyaacha yachemke. Mvuke ulikwenda zake, dereva akaongeza maji mengine. Tusimcheke. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Selsiasi huchukua kilojuli 335 hivi, lakini kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke huchukua karibu kilojuli 2,257, yaani takriban mara saba. Katika gari la Benz kuchemka hakukuwa hitilafu hata kidogo. Ndiko kulikokuwa kupoza kwenyewe.

Ubaya wake ni kwamba maji yanaisha. Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa Karl, aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, bila kumwambia mumewe. Watu hupenda kulikumbuka duka la dawa la mji wa Wiesloch aliponunua mafuta, lakini maji nayo ilibidi ayatafute mara kwa mara njia nzima. Hitilafu ya kwanza katika historia ya kupoza gari ndiyo ya kwanza kukaguliwa hata leo: je, maji yamo? Tofauti ni kwamba gari la Benz liliundwa liyamalize maji, na lako halikuundwa hivyo. Mfumo wako umefungwa. Ukiongeza nusu lita kila wiki, hiyo nusu lita inakwenda mahali, na kazi yako ni kujua ni wapi: kwenye hosi iliyopasuka, kwenye mshono wa rejeta, kwenye wota pampu, kwenye hita (zulia la abiria huwa na unyevu na harufu tamutamu), au ndani ya silinda zenyewe. Ukaguzi huu hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Sababu ya kusisitiza baridi inakuja.

Kuhama kutoka kuchemsha kwenda kupoza kulifanywa na Wilhelm Maybach. Gari la Mercedes la nguvu farasi 35, la kwanza kukabidhiwa kwa Emil Jellinek Desemba 1900, lilikuwa na rejeta iliyofanana na sega la nyuki: mirija midogo 8,070 ya pembe nne, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 6 kwa 6, na feni nyuma yake. Hewa ilipita ndani ya mirija, maji yakapita katikati yake. Lita 9 za maji zikatosha kwa injini kubwa, kwa kuwa sasa maji yalikuwa mchukuzi tu: yanabeba joto kutoka kwenye chuma, yanalikabidhi kwa hewa, yanarudi kuchukua jingine.

Mchukuzi huyo ana mikono miwili, na yeyote kati ya miwili unaweza kulegea. Kutoka hapa tunapata kipimo ambacho mimi nakiona chenye thamani kuliko vyote, na hakigharimu hata shilingi: gari linachemka wakati gani? Likichemka kwenye foleni ya Thika Road kisha likapoa linapoanza kukimbia, shida iko upande wa hewa. Feni haizunguki, au inazunguka kivivu, kwa sababu gari linapokimbia upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Lakini likitulia kwenye foleni na kuchemka linapopanda mlima au kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, shida mara nyingi iko upande wa maji: mirija imeziba kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, pampu haisukumi, au thamostati haifunguki vizuri. Hapo joto linalozalishwa limezidi lile linaloweza kubebwa. Umeshaigawa orodha ya washukiwa nusu kwa nusu kabla ya kushika spana. Watu wa programu wataitambua mbinu hii.

Henry Ford alikwenda njia nyingine kidogo. Model T ya 1908 ilianza na wota pampu, lakini baada ya magari 2,500 hivi ya kwanza Ford aliiondoa. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo yanapanda yenyewe hadi juu ya rejeta, yanapoa, yanashuka, yanarudi injini kwa chini. Kifaa kimoja kilichoweza kuharibika kikawa hakipo tena. Napenda uhandisi wa namna hii. Una sharti moja tu: maji yakishuka chini ya mdomo wa hosi ya juu, mzunguko wote unakatika. Zaidi ya Model T milioni 15 zilitengenezwa hadi 1927, na dereva wa kila moja alipaswa kulijua sharti hilo.

Injini zilipoongezeka nguvu, mzunguko wa polepole namna ile haukutosha na pampu ikawa jambo la kawaida. Pampu ikaleta mkanda, beringi na sili. Sili ya pampu ikianza kufa maji hudondoka kupitia tundu dogo lililowekwa makusudi chini ya shafti. Ukiona alama nyeupe au ya rangi ya kulanti iliyokauka chini ya tundu hilo, pampu inakuaga.

Kufikia hapo palikuwa na jambo la ajabu ambalo halikuwa limeshughulikiwa. Dereva hakuwa na namna ya kujua joto la injini yake. Alijua imechemka alipouona mvuke. Fikiria programu isiyo na ujumbe wowote wa hitilafu hadi inapokufa.

Mwaka 1912 Harrison Boyce, wa New York, alianza biashara ya kifaa kilichoitwa MotoMeter. Kilikuwa kipimajoto cha kioo kilichofungwa juu kabisa ya kifuniko cha rejeta, nje ya gari, chenye kimiminika chekundu ambacho dereva aliweza kukiona akiwa kwenye usukani. Kilipendwa sana. Katika picha za magari ya miaka ya 1910 na 1920 utakiona kama pambo la mduara kwenye pua ya gari. Hicho ndicho kilichokuwa kifaa cha kwanza cha kubaini hitilafu ya joto ambacho mtu wa kawaida aliweza kukinunua na kukifunga mwenyewe.

Kilikuwa na ujanja ndani yake. Ncha ya kipimajoto haikuzama ndani ya maji. Ilining'inia juu yake, katika hewa na mvuke uliokuwa kileleni mwa rejeta, kwa sababu Boyce alitaka kipime hatari na siyo hali ya kawaida: mvuke ukizidi, chekundu kinapanda. Kwa rejeta za wakati ule ilifaa. Lakini ilianzisha swali ambalo madereva wengi hawajaliuliza hadi leo, yaani, kipimo changu kinagusa nini hasa?

Miaka ya 1930 geji ilikuwa imehamia ndani, kwenye dashibodi, na ncha ya kipimo ikaingia kwenye maji ya injini. Hayo yalikuwa maendeleo. Kisha likaja jambo ambalo mimi siliiti maendeleo. Kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza katika miaka hiyo ya 1930 kuondoa geji za umeme na za oili na kuweka taa nyekundu mahali pake. Wamarekani wakaziita kwa jina la dharau, taa za wajinga. Baadaye katika magari mengi joto nalo likapewa taa yake. Taa ina hali mbili tu: bado, na tayari umechelewa. Hata magari yaliyobakiza mshale, kuanzia miaka ya 1990 mengi yake yalitengenezwa kwa namna ambayo mshale hukaa katikati kwa wingi wa nyuzi za joto, kwa sababu wateja walikuwa wakiwasumbua wauzaji kila mshale ulipocheza kidogo. Mshale uliotulia katikati kwa hiyo hausemi joto ni lilelile. Unasema tu halijatoka nje ya uwanja mpana ambao mtengenezaji aliamua usikusumbue. Mshale huo ukianza kupanda, joto limeshapanda zamani.

Sasa tumfikie mshukiwa wa kila siku, thamostati. Kwa nini iliwekwa? Kwa sababu injini inayokaa baridi nayo inaumia. Petroli haigeuki kuwa mvuke vizuri, inachuruzika kwenye kuta za silinda na kuiosha oili, unyevu unabaki ndani ya oili, vyuma vinasagika. Thamostati hufunga njia ya rejeta hadi maji yapate joto, kisha hufungua. Za mwanzo zilitumia kijibati kilichokunjwakunjwa chenye kimiminika ndani. Katika miaka ya 1930 Sergius Vernet alibuni ya nta: nta iliyofungiwa ndani ya kikombe cha shaba huyeyuka kwenye joto maalumu, hupanuka, na husukuma pini inayofungua mlango. Nta ilishinda kwa kuwa nguvu yake haiyumbishwi sana na presha ya maji, na presha, kama tutakavyoona, ilikuwa njiani kuja.

Thamostati ikikwama imefungwa, injini huchemka hosi ya chini ikiwa bado baridi (hosi ya juu katika magari ambayo thamostati iko upande wa kutokea). Hapo kweli ina hatia. Lakini kuitoa na kuendelea na safari kwa miaka si matengenezo. Injini nyingi za Toyota za miaka ile zina thamostati yenye milango miwili: unapofunguka mlango wa kwenda rejeta, mlango wa pili hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto itakuwa inazunguka ndani kwa ndani, na siku ya mlima gari litachemka zaidi kuliko lilivyokuwa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza kuitoa hata kama injini ina tabia ya kuchemka. Juu ya hilo, tarakilishi ya injini ikiona maji ni baridi inaongeza petroli, na wewe unailipa. Huu ndio ule mstari wa programu uliofutwa na mtu ambaye hakuuliza uliwekwa kwa nini.

Kuijaribu ni rahisi: itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uitazame inavyofunguka. Kwa Toyota nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 na kuwa wazi angalau milimita 8 ifikapo nyuzi 95. Hapa pana mtego kwa sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko mita 1,600 hadi 1,800 juu ya bahari, na maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Hayapandi zaidi hata uongeze moto kiasi gani. Kipimo kilichoandikwa na mtu wa usawa wa bahari ndiyo kwanza unakigusa wakati sufuria tayari inafurika. Thamostati ambayo haijatimiza milimita zake jikoni kwako Nairobi si lazima iwe mbovu. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700, maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi.

Nambari hizo zinatupeleka kwenye kiraka ninachokiheshimu kuliko vyote, ambacho pia ndicho cha bei ndogo: kifuniko cha rejeta. Wahandisi wa ndege walishajua kwamba maji yakifungiwa chini ya presha huchelewa kuchemka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 wazo hilo likaanza kuingia kwenye magari ya kawaida, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaenea. Kifuniko kikawa vali yenye springi. Vifuniko vya magari ya Japani huandikwa 0.9 au 1.1, maana yake hushikilia presha inayokaribia mara moja ya ile ya hewa ya usawa wa bahari, juu ya ile iliyopo. Ukiwa Mombasa na kifuniko cha 0.9, maji matupu hayachemki hadi nyuzi 118 hivi. Nairobi ni karibu 115.

Sasa ondoa kifuniko hicho, au acha mpira wake uchakae. Mombasa unarudi kwenye 100. Nairobi unarudi kwenye 94, na thamostati yako inafunguka kwenye 82. Umebakiwa na nyuzi 12 tu kati ya afya na mvuke, na kwenye mwinuko wa Limuru nyuzi 12 ni kitu kidogo sana. Ndiyo maana gari lilelile linaweza kushinda Mombasa bila tatizo kisha lichemke likirudi bara, na mwenyewe akaambiwa injini imekwisha. Kabla ya kukubali kufungua injini, badilisha kifuniko, tena uhakikishe nambari yake ni ile ya gari lako. Kitazame pia kwa upande wa pili: kina vali ndogo ya kuyarudisha maji kutoka chupa ya pembeni injini inapopoa. Vali hiyo ikikwama, utaikuta hosi ya juu asubuhi imebonyea kama mrija wa soda ulionyonywa.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la kwa nini ukaguzi hufanywa injini ikiwa baridi. Ndani ya mfumo kuna maji ya nyuzi 105 ambayo ni presha tu inayoyazuia yasiwe mvuke. Ukifungua, unaitoa presha kwa mkupuo, na maji yanageuka mvuke papo hapo usoni mwako. Kutumia kitambaa kizito hakubadilishi fizikia. Subiri nusu saa au zaidi, hata kama matatu iliyo nyuma yako inapiga honi.

Kulanti nitaipitia haraka. Ethilini glaikoli ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone mwaka 1927, kwa ajili ya baridi kali, na kwa kuwa hatuna theluji watu hapa huona ni anasa. Kazi inayotuhusu ni nyingine: kuzuia kutu. Bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini ndani ya maji mamoja ya bomba ni betri ndogo inayojila yenyewe, na mabaki yake ndiyo yanayoziba ile mirija ya Maybach. Ni sumu na ina utamu, kwa hiyo usiimwage mahali mtoto au mbwa atafika.

Wapo waliokataa maji kabisa. Volkswagen Beetle ilipozwa kwa hewa, na ilishinda Safari Rally ya 1962 katika barabara zetu bila tone la maji injini. Lakini hewa hiyo ilisukumwa na feni iliyoshirikiana mkanda mmoja na jenereta, na dereva aliyekosa geji ya joto alikuwa na taa nyekundu ya chaji. Ikiwaka ukiwa safarini, huenda mkanda umekatika, na injini haina upepo. Aliyefikiri ni taa ya betri tu akaendelea, aliiua injini. Swali la Boyce tena.

Magari ya injini iliyokaa kwa upana yalileta feni ya umeme, na pamoja nayo swichi ya joto, rilei na waya. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1980 na 1990 kuna uamuzi wa busara uliofichika hapo. Swichi ya feni hufunga mzunguko injini ikiwa baridi na huukata ikiwa moto, kinyume cha unavyotarajia. Maana yake waya ukichomoka, mfumo unaamini injini ni moto na feni inawaka. Wahandisi walichagua feni ikosee kwa kufanya kazi kupita kiasi. Kwako wewe hicho ni kipimo cha bure: washa swichi ya gari bila kuwasha injini, chomoa plagi ya swichi hiyo. Feni ikizunguka, basi mota, fyuzi na rilei ni nzima, na mshukiwa ni swichi au maji yasiyoifikia. Isipozunguka, anza na fyuzi.

Injini hizo huwa na vipimo vitatu tofauti vya joto: kimoja cha mshale wa dashibodi, kimoja cha tarakilishi ya injini, na hiyo swichi ya feni. Kila kimoja kinaweza kudanganya peke yake. Mshale ukisema baridi na feni ikavuma bila kukoma, usiamue nani mkweli kwa kupiga kura. Kwenye Toyota za kabla ya miaka ya 2000, unganisha matundu TE1 na E1 katika kisanduku cha ukaguzi kilicho chini ya boneti, na taa ya injini itapepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili, huo ni msimbo 22, sakiti ya kipimo cha joto cha tarakilishi. Ukitaka kukipima chenyewe kwa mita, kinapaswa kuwa na omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 tu kwenye nyuzi 80.

Mwaka 1996 Marekani ililazimisha magari mapya madogo yote yanayouzwa huko kutumia mfumo mmoja wa ukaguzi, OBD-II, na nambari aliyonyang'anywa dereva wa Hudson ikarudi. Tuma 01 05. Likirudi 41 05 7B, chukua baiti ya mwisho: 7B ni 123, toa 40, maji yako yana nyuzi 83. Ni hivyo tu, programu nzima ni mstari mmoja. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile huenda lisijibu, lakini likijibu unaweza kuitazama thamostati ikifanya kazi: nambari hupanda hadi themanini na kitu, husita au hushuka kidogo maji ya rejeta yanapoingia, kisha hutulia. Feni ikiwaka kwenye tisini na kitu utaiona ikiirudisha chini.

Baada ya yote hayo ndipo tuzungumzie gasketi ya silinda hedi, ambayo mafundi wengine huanza nayo. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, na hedi iliyochemka sana hujikunja. Gesi ya moto ikipenya kwenye maji, hosi ya juu huwa ngumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata joto la kuleta presha hiyo. Oili inaweza kuwa kama maziwa ya chai. Na pana kipimo cha kemia: kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, kinachogeuka manjano kikinusa kaboni dioksaidi ya silinda. Mwombe fundi akuonyeshe rangi hiyo kabla hajafungua bolti hata moja.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo linaloua injini nyingi zilizokuwa zinaokoleka. Unapanda mlima, mshale unapanda, unakaribia nyekundu, kisha ghafla unashuka kwenye baridi. Dereva anashusha pumzi na kuendelea. Kilichotokea ni kwamba maji yameisha, na ncha ya kipimo sasa inaning'inia hewani, kama ile ya Boyce, isipokuwa hiki hakikuundwa kupima hewa. Kwenye gari la OBD-II nambari nayo hushuka vilevile, kwa kuwa kipimo chake kimekaa palepale. Mshale ukianguka namna hiyo, zima injini hapo hapo, kabla hujatafuta hata mahali pazuri pa kuegesha.